KAZI YA MTU IPIMWE MBELE YAKE

Mwaka wa kazi unapokaribia kwisha, nyumba nyingi za wafanyakazi hungojea jambo moja: mkuu wa kazi ataandika nini? Kalamu yake yaweza kuleta cheo na nyongeza ya mshahara, au ikavinyima. Kwa hiyo upimaji wa kazi si shauri la ofisini peke yake. Ni shauri la baba, mama na watoto wanaotegemea mshahara huo.

Kwa miaka mingi watumishi wa Serikali ya Tanzania walipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu aliandika, akaifunga bahasha, na aliyeandikwa hakujua kama amesifiwa au amechongewa. Mfumo wa namna hiyo humfundisha mtu kumpendeza mkubwa badala ya kuitimiza kazi. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi, OPRAS, ambao ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni, wayatazame katikati ya mwaka, kisha wapime mwishoni. Lakini mara nyingi fomu zilijazwa ili kutimiza taratibu tu. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake ilichukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kompyuta.

Mashine, hata hivyo, haiwezi kuwa na haki kuliko kipimo inachopewa. Nachingwea inalo fundisho. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga huko, Kongwa na Urambo. Walijiwekea lengo la kufyeka mamilioni ya ekari kabla ya kuujua vyema udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Dereva wa trekta angeweza kufanya bidii mchana kutwa. Lengo lenyewe lilikuwa bovu tangu mezani.

Sasa mfikirie mwalimu aliye Chunyu, katika nchi hiyo hiyo ya Nachingwea na Ruangwa. Tukimpima kwa idadi ya waliofaulu tu, tukamlinganisha na mwenzake wa mjini mwenye vitabu vya kutosha, tumempima kwa mizani ya mtu mwingine. Haki ni kuuliza: aliwapokea watoto wakiwa wanajua nini, alipewa zana gani, na amewafikisha wapi?

Mkuu wa kazi, usingojee Juni ndipo umwambie mtu kosa la Agosti. Mwonye mapema, faraghani, umwonyeshe njia. Ukimsifu, taja alichokifanya. Na kabla ya kumwita mvivu, jiulize kama ulimpa kifaa na maelekezo.

Nawe mfanyakazi, usijifiche nyuma ya neno "uonevu". Mchelewaji na mtegeaji humwongezea mwenzake mzigo, na mwananchi aliye dirishani hurudi nyumbani bila huduma. Weka kumbukumbu za kazi zako. Yasome malengo kabla ya kuyakubali, na usilolielewa uliulize siku hiyo hiyo.

Aliyeonyeshwa kasoro yake kwa haki hurudi nyumbani akiwa na la kurekebisha. Aliyehukumiwa gizani hurudi na hasira tu, na hasira hiyo huwaangukia mke, mume na watoto ambao hawakuandika lolote.