Pikipiki imewaka kwa kiki, je, taa ya breki inawaka?

Kwa familia nyingi pikipiki ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi ya nyumba, na usiku wa manane ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali anaposhikwa na uchungu. Ikilala siku moja, hesabu ya bosi haitimii na mboga nyumbani inapungua. Ndiyo maana dereva anapokuta asubuhi stata haivuti, hupiga kiki mara mbili tatu, injini ikiwaka huyo kijiweni. Kwake tatizo limekwisha.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Katika pikipiki nyingi ndogo, moto wa plagi hautoki kwenye betri, bali kwenye koili iliyo ndani ya injini. Injini huunguruma vizuri hata kama betri imekufa kabisa. Lakini honi, indiketa na taa ya breki mara nyingi hutegemea betri hiyohiyo. Dereva anaondoka na abiria mgongoni akiamini chombo ni kizima, kumbe aliye nyuma yake haoni anapofunga breki.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde. Dereva wake akichelewa sekunde mbili tu kutambua kwamba pikipiki ya mbele inasimama, tayari amekwisha kusogea mita 44.

Habari njema ni kwamba hitilafu nyingi za umeme wa pikipiki hupatikana kwa kufuata mpangilio, kuanzia kisicho na gharama kwenda kwenye kinachouma mfuko. Kinachomaliza fedha ya familia ni kununua betri mpya kabla ya kujua kilichoiua ya zamani. Betri mpya ikifungwa kwenye pikipiki isiyochaji, nayo hufa baada ya siku chache, na mwenye pikipiki hubaki akilaumu duka.

Dalili husema

Hatua ya kwanza ni kutazama ni nini hasa hakifanyi kazi. Ikiwa ni taa moja tu, mtuhumiwa ni globu, swichi yake au waya wake. Kama taa, honi na indiketa vyote vimezima kwa pamoja, inafaa kutazama fyuzi, vichwa vya betri, swichi ya funguo na waya unaotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye fremu.

Taa ikizima usukani unapokatwa kushoto au kulia, mara nyingi kuna waya uliokatika shingoni, mahali unapojikunja kila siku. Pikipiki ikisumbua baada ya mvua au kuoshwa tu, maji yameingia kwenye swichi, kwenye soketi za waya au kwenye kofia ya plagi. Hayo yote fundi anapaswa kuambiwa, kwa sababu yanampunguzia kazi ya kubahatisha.

Vichwa vya betri na mita

Hatua ya pili ni kufungua siti na kutazama vichwa vya betri. Nati iliyolegea au ukungu mweupe au wa kijani hutosha kuzuia umeme. Upande hasi hufunguliwa kwanza na hurudishwa mwisho, ili spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya isipige shoti. Ukungu husuguliwa kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu, mikono ikiwa na glavu.

Hatua ya tatu inahitaji mita ndogo ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri mpya. Madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangiana wakanunua moja. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban 12.6 au zaidi. Ikisoma 12 au chini yake, imeisha chaji. Ikisoma vizuri lakini ikaporomoka chini ya 9.5 stata inapobonyezwa, yenyewe imechoka.

Kisha injini huwashwa, mafuta yanaongezwa kiasi, na mita inabaki kwenye vichwa vya betri. Hapo inatakiwa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi, na fundi atazame koili, regyuleta na waya zake. Ikipita 15, regyuleta imeharibika: globu zitaungua mara kwa mara na maji ya betri yatakauka. Katika hali hizo mbili, betri mpya peke yake haitasaidia.

Mapambo nayo yahesabiwe. Koili ya pikipiki ndogo hutoa umeme kwa kiasi chake. Ukiongezwa msururu wa taa za rangi, spika ya muziki na chaja za simu za abiria, umeme unaotumika huzidi unaozalishwa, na pengo hilo huzibwa na betri hadi inakauka. Kabla ya kulaumu kitu kingine, vifaa hivyo vichomolewe kwa siku mbili na betri ipimwe tena.

Fyuzi si adui

Fyuzi ikikatika, wapo wanaoziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha waya. Pikipiki hutembea, lakini mlinzi wake ameondolewa. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya zisiungue, na waya hizo hupita chini ya tangi la petroli. Fyuzi irudishwe ya ukubwa uleule ulioandikwa na kiwanda. Ikikatika tena, kuna waya uliochubuka unaogusa fremu, na huo utafutwe kabla ya safari.

Betri isilale chumbani

Kuna hatari nyingine inayoletwa hadi ndani ya nyumba. Maji makali ya betri ni asidi ya salfuriki, ambayo huunguza ngozi na macho. Baadhi ya watu huyahifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Chupa hiyo haina nafasi ndani ya nyumba.

Asidi ikiruka jichoni, jicho lisafishwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Iliyomwagikia ngozi nayo ioshwe hivyohivyo, nguo iliyoloa ikivuliwa. Mtoto aliyekunywa asitapishwe, kwa sababu asidi ikirudi juu huunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo kwa maji na akimbizwe kituo cha afya.

Betri ya kuongeza maji inapopungua, hujazwa maji yaliyochujwa maalumu kwa betri, si ya bomba wala asidi. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Kwa hiyo ichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na chumba wanacholala watoto.

Dakika moja kabla ya giza

Ukaguzi unaofaa kufanywa kila jioni hauhitaji fundi wala mita. Mmoja hukaa kwenye pikipiki, mwingine husimama nyuma. Aliyekaa hubonyeza breki ya mkono, kisha ya mguu, halafu indiketa zote mbili na honi, na mwisho huwasha taa kubwa.

Dereva peke yake hawezi kuiona taa yake ya breki akiwa amekaa. Ndiyo maana kazi hii inaifaa familia. Mke au kijana mkubwa akisema, "Baba, ya nyuma haiwaki," safari ya usiku isubiri. Globu ya akiba ikae chini ya siti pamoja na fyuzi mbili, na zikitumika zirudishwe nyingine kesho yake.