Dada, lipia tu hizo senso

Mwanzoni mwa Novemba dada yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Haikuwa picha ya mtoto wala ya theluji ya kwanza. Ilikuwa karatasi ya bei kutoka kwa fundi tairi: matairi manne ya baridi, ringi nne za chuma, kufunga na kubalansi. Chini kabisa kulikuwa na mstari uliomkera, senso nne za upepo, dola 260. Akaandika, "Hivi vidude ni lazima kweli, au wameona mwanamke kaja peke yake?"

Shemeji akajibu kabla ya sisi wote. Yeye ametoka Dar hadi Mbeya mara ngapi na gari ambalo hata taa za dashibodi hazikuwaka, na amefika. Mama akauliza kwani gari nalo lina nguo za msimu. Dada akanigeukia mimi: "Mdogo wangu, wewe si ndiye mwandishi? Tuulizie."

Mimi naandika habari za afya. Lakini dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu yake inaisha saa 5 usiku, na Januari ya huko si ajabu kukuta nyuzi 20 chini ya sifuri usiku. Tairi likiishiwa upepo barabarani saa hiyo, hilo tayari ni suala la afya. Nikakubali.

Kwanza, kwa sisi tusiojua theluji. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na tairi lililokakamaa halishiki barabara vizuri. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini. Ndiyo maana watu wengi wa huko wana seti mbili, na wenye uwezo huifunga ile ya pili kwenye ringi zake ili kubadilisha iwe kazi ya nusu saa. Hapo ndipo swali la dada linapozaliwa, maana senso hukaa ndani ya ringi, nyuma ya valvu. Ringi mpya zinakuja bila kitu.

Senso yenyewe ni kidude kidogo chenye betri. Inapima upepo ndani ya tairi na kutuma taarifa kwa redio kwenye kompyuta ya gari. Upepo ukipungua sana, dashibodi inawaka taa ya njano, tairi lililokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Taa hiyo ilizaliwa na vifo. Mwaka 2000 Marekani ilitikiswa na matairi ya Firestone yaliyokuwa yakipasuka na kubanduka, hasa kwenye Ford Explorer, magari yakapinduka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Upepo mdogo ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Bunge la huko likapitisha sheria mwaka huohuo, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo lililazimika kuwa na mfumo wa kumwonya dereva.

Sasa, je, fundi alikuwa anamwibia dada? Bei siwezi kuisemea, lakini kwenye kumlazimisha alikuwa na sababu. Sheria ya Marekani inakataza gereji kuharibu au kuzima kifaa cha usalama kilichowekwa na kiwanda. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama barabarani ya huko iliwaandikia wafanyabiashara wa matairi kufafanua: mteja akija na mfumo unaofanya kazi, ukamfungia ringi mpya zisizo na senso, umevunja sheria, hata kama mwenyewe amezikataa. Fundi ana njia tatu tu. Ahamishe senso za zamani kama zinaingia, amshawishi mteja anunue mpya, au akatae kazi.

Katazo hilo ni la wafanyabiashara. Mwenye gari akinunua ringi tupu na kuzifunga mwenyewe uani kwake, halimgusi. Shemeji aliposikia hivyo alifurahi mno, akasema akienda kumtembelea Desemba atazifunga yeye. (Hana viza.)

Nilichokuja kukiona kizito kuliko sheria ni hesabu ya baridi yenyewe. Upepo ukipoa unasinyaa. Kwa makadirio ya mafundi, kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi linapoteza pauni moja. Chukua gari la dada, linalotakiwa kuwa na upepo wa 35. Fundi amelijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Likilala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi lina 28 hivi, na hakuna msumari wala tundu. Taa inatakiwa iwake upepo ukipungua kwa robo, yaani kwa gari hilo ukifika 26 hivi. Maana yake baridi peke yake imeshamla karibu akiba yote, na kinachobaki ni pauni mbili. Uvujaji mdogo ambao hapa kwetu ungekaa mwezi bila mtu kushtuka, kule unamfikisha kwenye hatari kwa siku chache. Tairi la namna hiyo linajikunja pembeni, linapata joto la ndani, breki zinachelewa na usukani unakuwa mzito.

Kwa hiyo jibu la "baridi ikiingia taa zinawaka hovyo, zizoee tu" ni baya. Mara nyingi taa haidanganyi, upepo kweli umepungua, na dawa yake ni kuongeza. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, usiijaze hiyo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lililotoka safarini lina joto na litakupa namba ya uongo.

Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha ikabaki imewaka, hiyo ni habari nyingine. Gari linasema halisikii senso. Na hii ndiyo sababu iliyonifanya nimwambie dada alipe. Ukifunga ringi tupu, taa itakaa imewaka kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi mitano ya kuizoea taa ya hatari, halafu chemchemi ikifika tunategemea ataiogopa tena? Nimeona wodini mashine inayolia bure siku nzima inavyowafanya watu waache kugeuka. Binadamu ndivyo tulivyo.

Sikusema kila mtu anunue. Kuna magari yasiyohitaji senso ndani ya ringi kabisa, yanakisia upepo kwa kulinganisha mzunguko wa magurudumu kupitia mfumo wa breki za ABS, kwa sababu tairi lililopungua linazunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Honda, Mazda na Volkswagen nyingi ziko hivyo. Mwenye gari kama hilo anajaza upepo, anabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, na akiuziwa senso ameibiwa kweli. Gari la dada si la namna hiyo. Asiyetaka seti ya pili ya ringi anaweza pia kubadilisha matairi kwenye ringi zilezile, senso zibaki mahali pake, ila atalipia kung'oa na kufunga mara mbili kila mwaka.

Ndugu zetu walioko Kanada wana uhuru zaidi, maana nchi hiyo haijalazimisha mfumo huu. Hata Quebec, ambako matairi ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, senso ni hiari. Mtu mwenye geji nzuri ambaye kweli anapima kila wiki kwenye baridi ile, sioni ubaya akiokoa hela zake. Dada yangu si mtu huyo, na nilimwambia hivyo, tukanuniana siku mbili. Walioko Ulaya wawe waangalifu: magari mapya yote yanayouzwa Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014 yana mfumo huo, na Ujerumani unatakiwa ufanye kazi hata ukiwa na ringi za baridi. Uingereza, gari lililoanza kutumika mwaka 2012 na kuendelea likionyesha taa ya hitilafu ya mfumo huo linaanguka kwenye ukaguzi wa kila mwaka.

Hapo hapo nilimwandikia dada jambo moja lililo ndani ya kazi yangu. Ukikwama kwenye theluji usiku ukabaki ndani ya gari huku injini inaunguruma upate joto, shuka kwanza uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, gesi ya kaboni monoksidi inarudi ndani. Haina harufu, na inaua watu huku wamelala. Blanketi na glavu zikae garini wakati wote.

Wasomaji wa hapa nyumbani mnaweza kukutana na taa hii kwenye gari lililoagizwa kutoka Uingereza. Betri ya senso hudumu miaka 5 hadi 10 na haibadilishwi, unanunua senso nzima. Gari likifika bandarini likiwa na umri wa miaka minane, taa ikiwaka usishangae, lakini usikubali fundi aichomoe balbu kabla hujapima upepo kwa geji.

Dada alilipa. Wiki iliyopita baridi ilishuka ghafla na taa ikawaka akiwa anatoka kazini. Shemeji akaandika, "Si mnaona, vidude vyenyewe viongo." Dada akaenda kituo cha mafuta akapima: matairi matatu yalikuwa na 29, la nyuma kushoto 22. Fundi alikuta linavujia pale mpira unapokutana na ringi, akalirekebisha bila kumtoza.

Shemeji kanyamaza tangu siku hiyo. Mama ameuliza kama kila baridi atalipa tena dola 260. Hapana Mama, zinabaki humo humo kwenye ringi mpaka betri zife.