Fumbo la Namba Si Hirizi

Mzazi mmoja ametuuliza kama yafaa kwa mwanawe kukaa kila baada ya sala ya alasiri na karatasi yenye vyumba vyumba vya namba, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, hata chai yake ikapoa. Amehofu mambo mawili: kwamba huenda namba zile zikawa ni za uganga, na kwamba huo ni mchezo wa kupoteza umri. Twataka kumjibu, lakini kabla ya kumjibu hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, kwani hofu ile ya kwanza sisi tuliwahi kuwa nayo, na ilituaibisha.

Ilikuwa chuoni kwetu. Tulikuwa tukiwasikiliza watoto juzuu zao, mmoja baada ya mmoja, na kijana mmoja wa miaka 13 alipofungua juzuu yake ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne. Tukaiokota, tukaikunjua. Tukaona mraba mkubwa, ndani yake vyumba 81, na namba za kutoka 1 hata 9 zimetapakaa humo. Siku zile zilikuwa za mitihani ya skuli. Nasi tumekulia mahali ambapo mtu hufungwa mraba wa namba mkononi ili homa imtoke, au huuzika kizingitini asiibiwe. Basi hatukuuliza neno. Tulimwambia mbele ya wenziwe kwamba mwenye kutafuta kufaulu kwa hirizi amemkosea Mola wake, kisha tukaichana karatasi ile vipande vipande. Kijana hakujibu. Mtoto aliyelelewa hambishii mwalimu wake, nasi tukakichukua kimya chake kuwa ndiyo kukiri.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu akaja bibi yake, gazeti mkononi. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaketi mkekani, akalifungua gazeti ukurasa wa nyuma na kulitandaza mbele yetu.

"Maalim," akasema, "hizi hirizi siku hizi zauzwa na magazeti?"

Ulikuwa mraba ule ule. Akatueleza kwamba mjukuu wake huunakili kwa mkono, kwa kuwa gazeti ni la babu yake na babu yake hapendi lichorwechorwe. "Ungemwuliza, Maalim, angekwambia." Hatukuwa na la kusema. Kijana aliporudi tulimtaka radhi mbele ya wenziwe wale wale, na baada ya darasa tukamwomba atufundishe.

Sasa na tuibainishe tofauti, maana wako wengi wanaochanganya kama tulivyochanganya sisi. Mraba uandikwao katika hirizi, asili yake ni hisabati. Chora vyumba 9. Mstari wa juu andika 4, 9, 2; wa kati 3, 5, 7; wa chini 8, 1, 6. Jumlisha kwa kulala, kwa kusimama, au kutoka pembe hata pembe: kila upande utapata 15. Mraba wa namna hii kwa Kiarabu huitwa wafaki, nao umo katika vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan. Katika pembe zake nne zimo 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa hesabu ya abjadi ni herufi ba, dal, waw na ha (ile ha iliyomo katika jina la Ahmad). Watu wakaziunga likawa neno "buduhu", wakaliandika juu ya barua ili zifike salama. Hesabu yenyewe ni ya kweli, na ni nzuri. Yaliyotundikwa juu ya hesabu hiyo ndiyo yenye maneno.

Fumbo la gazetini, liitwalo sudoku, halijumlishi kitu. Sharti lake ni kwamba katika kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama, na kila mraba mdogo wa vyumba 9, iwemo kila namba kutoka 1 hata 9, wala isijirudie. Namba humo ni majina tu. Ili tujithibitishie, tuliziondoa zote tukatia mahali pake herufi tisa za kwanza za Kiarabu, kutoka alifu hata dhal, na fumbo likafumbuka vile vile. Hirizi ukiibadilisha namba moja tu, mwenye kuiandika atakwambia umeiharibu.

Jina ni la Kijapani, lakini wenye kuchunguza wanamtaja Mmarekani kuwa ndiye mtungaji: Howard Garns, mchoraji wa majengo wa Indiana. Fumbo lilitoka mwaka 1979 katika jarida la kampuni ya Dell, bila ya jina la mtu. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ikalichukua, na Maki Kaji akalipa jina lenye maana ya kwamba kila namba ikae peke yake. Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, aliliona katika duka la vitabu mjini Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka sita kutengeneza programu ya kompyuta ya kuyatunga, na mwezi wa Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kulichapa. Hapo ndipo lilipoenea. Garns alikuwa amekufa tangu mwaka 1989.

Njia za kuvijaza vyumba 81 kwa sharti lile, Felgenhauer na Jarvis walizihesabu mwaka 2005, wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Kuitamka namba hii hatuthubutu.

Siku yetu ya kwanza tulijaza upesi, tukajiona hodari. Karibu na mwisho tukakuta 7 mbili katika mstari mmoja. Kijana akatazama, akacheka kidogo kwa adabu. "Maalim, hapa umekisia." Akatuonyesha chumba chenyewe, nusu ukurasa nyuma, ambapo palifaa 3 au 7 nasi tukachagua kwa kupenda. Desturi yake ni kuandika pale tu anapoweza kueleza kwa nini namba nyingine zote haziwezi kukaa pale. Asipoweza, hukiacha chumba kitupu na kwenda kwingine. Tulifuta nusu nzima. Tangu hapo tumeona ladha ya mchezo huu, nayo ni ladha ya ajabu kwa mtu wa umri wetu: kukitazama chumba kwa robo saa, kisha kukijua, na kujua kwamba umekijua.

Ama ile hofu ya pili. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi walipambanua mchezo wa dado, ambao ni bahati, na shatranji, ambayo ni fikra; hiyo ya pili wakaikirihi, wakaiharimisha ikitiwa fedha au ikipitisha wakati wa sala. Katika sudoku hamna dado wala mshindani wa kuwekeana naye fedha. Imebaki saa. Kijana wetu hufanya moja kwa siku, na adhana ikilia huiacha ilipofika, maana haina kukimbia. Ile ya katika simu hatuipendi sana: ina saa inayomharakisha mtoto, na matangazo katikati. Twamshauri ndugu yetu mwenye kuuliza ampe mwanawe penseli na kifutio, kisha aketi naye siku moja amwulize, "Umejuaje?"

Na kwa kuwa huenda baba mwenyewe asijue pa kuanzia, hili hapa dogo la vyumba 16, mistari 4 ya vyumba 4, lililogawanyika katika miraba midogo 4 ya vyumba 4, namba ni 1 hata 4. Hesabuni vyumba kutoka kushoto. Mstari wa kwanza, chumba cha kwanza kina 1. Wa pili, chumba cha nne kina 2. Wa tatu, chumba cha tatu kina 4. Wa nne, chumba cha pili kina 3. Vingine ni vitupu. Tuanze pamoja: katika mraba mdogo wa juu kushoto, 2 itakaa wapi? Mstari wa pili umekwisha kuwa nayo, na chumba cha kwanza cha mstari wa kwanza kina mwenyewe. Kimebaki chumba cha pili. Kiandikeni, mwendelee. Jawabu tutalitoa mwezi ujao, inshallah.