Kabambare: mutoto anabakwa, mbuzi inatolewa, mama anaambiwa anyamaze

Habari za Kabambare zinafika Kindu, Bukavu ao Kinshasa siku bunduki inalia. Mai-Mai walishambulia, jeshi lilijibu, wakaaji walikimbilia porini, siku chache kisha walirudia. Habari inaishia pale. Lakini mama mwenye kukaa kule anajua kama hatari yenye kufuata mutoto wake haingojee siku ya vita. Iko pale siku ya soko na siku ya masomo, iko pale mutoto anaposhuka mutoni na ndoo, na mara nyingi iko na jina na sura yenye mama anajua vizuri, kwa sababu ni ya jirani.

Tuanze na siku ya kawaida. Katika vijiji vya Kabambare mama anaamuka mbele ya jua. Shamba la muhogo ao la mupunga liko mbali, na kuliacha ni kuacha chakula cha jioni. Anafunga mudogo mugongoni. Anamuambia mukubwa, labda binti wa miaka 12, achote maji, atwange, aangalie wadogo, na kama saa inabakia, aende kwenye masomo. Mwenye bwana wake angali nyumbani iko na bahati: wanaume wengi wako Salamabila ao katika machimbo mengine. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama wa mutoto haliangalie polisi. Ni kujua nani anabakia naye tangu asubuhi mpaka mangaribi. Mara nyingi jibu ni: mutoto mwingine.

Jioni kuko sala ya shirika. Kwa wasomaji wenye hawako Wakatolika, shirika ni nyumba za mutaa mumoja zenye zinakutana kusoma Injili, kuchanga, kutembelea mugonjwa na kupatanisha wenye wamegombana. Siku ya Yenga kuko misa, ao sala yenye kuongozwa na katekista pahali padri hafike kila juma. Kisha watoto wanaenda Xaveri, kile chama chenye Padri Georges Defour alianzisha Bukavu mu 1952. Kwa mama mwingi, hizo ndizo saa chache katika juma zenye anaona kama watoto wake wako mikononi mwa mutu mukubwa. Tutarudilia neno hilo mbele kidogo.

Katika lupango ileile, jirani yake anaweza kuwa Muislamu, na hapa kwetu hakuna mutu anashangaa. Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vya wafanya-biashara wa pwani katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, na Uislamu ulibakia, pamoja na Kiswahili chenye tunasema. Mapadri walikuja nyuma. Mutoto wa katekisimu na mutoto wa madrasa wanachota maji kwenye mutonge mumoja, na hatari ya njia ileile inawangojea wote wawili. Kwa hiyo mambo yenye tunaandika hapa juu ya mama mukatolika, mama muislamu anaweza kuyasoma na kuona maisha yake.

Sasa zahabu. Namoya, karibu na Salamabila katika sekta ya Babuyu, kampuni Banro ya Canada ilianza kutoa zahabu kwa biashara mwanzo wa 2016. Mu 2019, kisha mashambulizi na kutekwa kwa wafanyakazi, ilisimamisha kazi. Wachimbaji wa mikono walikuwa pale mbele ya kampuni, na bado wako. Pahali pa zahabu panaleta wanaume wenye feza na wenye hawana jamaa karibu, panaleta pombe, watu wenye silaha, na biashara ndogo ndogo zenye zinafanywa na watoto: binti anauzisha maji na mandazi, kijana anasafisha muchanga. Sheria ya mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumutumia mutoto kazi ya namna hiyo. Sheria ya madini yenye ilirekebishwa mu 2018 nayo inakataza watoto katika machimbo. Lakini ile feza kidogo yenye kijana analeta mangaribi inanunua chumvi. Kweli, tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za Leta, pamoja na zile zenye Kanisa linasimamia. Daftari, nguo ya masomo na sabuni ya kuifua haviko vya bure.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kazi Salamabila kwa miaka, na kati ya wagonjwa wake walikuwa watu wengi wenye walibakwa. Wengine waliumizwa na watu wenye bunduki. Lakini mutu akisema tu juu ya bunduki, anaacha nje sehemu kubwa ya jambo.

Kuko mambo yenye kila chifu wa kijiji anajua, hata kama hapendi yaandikwe. Binti wa miaka 13 anabakwa. Mwenye alifanya ni mupanda pikipiki wa mutaa, ao mwalimu, ao ndugu ya baba. Jioni, jamaa ya yule mwanaume inakuja na mbuzi na feza kidogo. Wazee wanaikaa. Chifu anapata sehemu yake. Mara zingine wanasema afazali amuoe, mambo yaishe. Mama, mwenye hakuitwa kwenye kikao, anaambiwa kama akisema zaidi, atavunja jamaa na kumuharibia binti yake jina.

Sheria iko wazi kabisa juu ya jambo hilo, na ni vizuri kila mama aisikie katika luga yake. Sheria ya 2009 inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajatimiza miaka 18. Mutu mukubwa akilala na mutoto, ni kubaka, hata kama anasema mutoto alikubali; azabu ni kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Kumuposa ao kumuoza mutoto kumekatazwa. Na sheria za Julai 2006 juu ya ujeuri wa kingono zinaongeza jambo lenye linavunja kikao chote cha mbuzi: hata kama malipo yametolewa, kesi haikufe. Muchunguzi wa polisi iko na mwezi mumoja tu kumaliza kazi yake, na hukumu inapaswa kutoka katika miezi mitatu.

Basi kwa nini mbuzi inashinda sheria? Wengine wanapenda kusema ni ujinga, ao ni desturi. Sisi hatuamini. Wazazi wa Kabambare wanapenda watoto wao kama wazazi wote. Wanafanya hesabu. Kumufikisha mutu mbele ya jaji, inaomba kulipa pikipiki, kulala njiani, kuleta mashahidi, kurudia tena. Kutoka Kasongo mpaka Kindu peke yake ni zaidi ya kilometa 200 za njia mubaya, na Kabambare iko mbali zaidi. Kule kwa polisi, karatasi inaombewa feza yenye haijaandikwa pahali popote katika sheria. Na kisha gharama hiyo yote, mwanaume anaweza kutoka kifungoni nyuma ya juma mbili na kupita tena mbele ya nyumba yako akiimba. Mbuzi, angalau, unaiona na macho. Serikali yenye inataka mbuzi iishe ingeanza kwa kutuma jaji afike Salamabila na Kabambare kusikiliza kesi pale pale, mbele ya watu.

Lakini kuko kosa katika ile hesabu ya wazazi, na linamugarimu mutoto sana. Wanapongojea kikao, wanapoteza saa. Mutu mwenye alibakwa akifika kwenye hospitali ao kituo cha afya mbele ya saa 72, anaweza kupewa dawa za kumukinga na Ukimwi. Nyuma ya pale, dawa hizo hazitolewe tena. Kuko pia dawa za magonjwa mengine ya zinaa, na kutunza vidonda, na mutu wa kumusikiliza. Hospitali haiombe ruhusa ya chifu, wala karatasi ya polisi, mbele ya kutunza mutoto. Mama anaweza kwenda usiku uleule, na mambo ya kesi akayaacha kwanza kwa wazee. Juu ya dawa ya kuzuia mimba, najua kama wamama wengi wakatolika wako na swali la zamiri, na inafaa wamuulize daktari na padri bila haya. Lakini dawa ya kukinga Ukimwi haina ubishi wowote wa imani, na ndiyo yenye saa yake inakimbia.

Dawa zenyewe zimekuwa haba. Mwanzo wa 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na katika Mashariki ya Congo vifurushi vya dawa kwa wenye walibakwa vilipungua. Wakati uleule Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, na macho ya kila mutu yaligeukia kule. Haki yao, vita ile imeuwa watu wengi sana. Lakini maeneo matatu ya afya ya Kabambare, yaani Kabambare, Lusangi na Saramabila, hayawezi kungojea mpaka Kivu itulie. Viongozi wa jimbo la Maniema wanapaswa kusema wazi, eneo kwa eneo, dawa hizo ziko wapi na zimeisha wapi.

Turudilie imani, kwa sababu ndipo mama mukatolika anafungwa zaidi. Kila siku anasali Baba Yetu na kuomba asamehewe kama anavyosamehe. Katika kile kikao cha mbuzi, kuko kila mara muzee mwenye anajua kulitumia neno hilo: «Wewe ni mukristo, samehe.» Mimi naona ni kulitumia vibaya. Mwenye anaweza kusamehe ni yule aliumizwa, na hapa ni mutoto, mwenye hakuna mutu alimuuliza. Na kusamehe hakuondoe kazi ya jaji, kama vile kumusamehe mwizi hakukatazi kumurudishisha mali. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, alikaa na watu wa Mashariki wenye walifanyiwa ujeuri, na walishuhudia kwa sauti mbele ya dunia yote. Na hapa Kasongo penyewe askofu alikuwa Christophe Munzihirwa, mbele ya kutumwa Bukavu, pale aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hakuna mutu anamukumbuka yule kwa sababu alinyamaza.

Kanisa nalo linapaswa kujiangalia. Nilisema mama anaona kama watoto wako salama wakiwa Xaveri, ao kwenye mazoezi ya watumikizi wa altare. Mara nyingi ni kweli. Lakini mwenye kumutafuta mutoto anatafuta pia pahali wazazi hawaulize. Tangu 2019 kuko sheria ya Papa, Vos estis lux mundi, yenye ilikazwa tena mu Machi 2023: padri ao mutawa mwenye anajua kama mutoto alitendewa vibaya na mutu wa Kanisa, anapaswa kupasha habari, na kila diosezi inapaswa kuwa na njia rahisi ya kupokea malalamiko. Njia hiyo inapaswa kutangazwa katika kila shirika, kwa Kiswahili: jina la mutu, namba ya simu, na siku yenye anapatikana. Karatasi ya Kifaransa kwenye mulango wa ofisi haimusaidie mama wa Wamaza. Tunasema vilevile juu ya madrasa, na juu ya vyumba vya maombi penye mutoto anaitwa muchawi, anafungwa na kunyimwa chakula. Kumusingizia mutoto uchawi ni kosa lenye kuazibiwa katika sheria ileile ya 2009.

Kuko karatasi ingine yenye wamama wengi wanasahau mpaka siku ya taabu. Kesi ikifika mbele ya jaji, mwanaume wa kwanza anasema: «Binti alikuwa na miaka 18.» Cheti cha kuzaliwa kinamufunga kinywa. Kinatolewa bure ikiwa mutoto anaandikishwa katika siku 90 za kwanza, lakini uchunguzi wa inchi yote wa 2017-2018 ulionyesha kama karibu watoto 40 tu kati ya 100 wenye hawajatimiza miaka 5 ndio walikuwa wameandikishwa. Mama mukatolika iko na kitu kingine katika sanduku: kadi ya ubatizo, yenye tarehe ya kuzaliwa, na parokia iko na kitabu chake. Haiko hati ya Leta, lakini inaweza kusaidia kuonyesha umri. Basi asiiache iliwe na mchwa, na vita ikianza, iingie katika furushi pamoja na chumvi na sufuria.

Na mashirika yanajua kuchanga. Mutu akikufa, mbele ya jua kuzama kila nyumba imeleta kitu: franka, unga, kuni, mbao za sanduku. Hakuna mutu anauliza kwanza kama marehemu alikuwa na kosa. Bei ya pikipiki moja kutoka kijijini mpaka hospitali ni ndogo kuliko bei ya sanduku la maiti, na saa 72 zinaanza kuhesabiwa tangu mutoto alipoumizwa, wala haziangalie siku yenye wazee watakutana.