Sabuni ya Nyumbani Yataka Mizani

Wenye umri wanakumbuka jinsi sabuni ilivyoadimika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata wananchi wakafulia majani ya mpapai. Leo vikundi vya akina mama vinajitengenezea sabuni kwa mafuta ya nazi na mawese. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini wapo wanaofundishwa kupima kwa kikombe na kijiko, na hapo ndipo penye hatari.

Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Kilo 1 ya mawese huhitaji gramu 141 hivi tu. Mama aliyejifunza kwa nazi, akitumia kipimo kile kile kwa mawese, atauza sabuni ya kuchubua ngozi za watoto. Tena kostiki ndiyo itiwe majini, kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu yake huchemka na kuruka usoni.

Maafisa Maendeleo ya Jamii hawana budi kupeleka mizani vijijini, badala ya hotuba. Walimu wa sayansi nao waombwe: mizani ya maabara hulala kabatini likizo nzima.