Taa za ziada za pikipiki: Piga hesabu kabla ya kufunga

Simama kando ya barabara yoyote kubwa ya Nairobi, Nakuru au Mombasa baada ya saa moja na nusu jioni, uziangalie pikipiki zinazopita. Ya kwanza utaiona ina taa moja hafifu mithili ya kibatari. Ya pili imefungwa taa sita mbele, nyeupe pe pe pe, zinazokulazimisha kugeuza uso. Ya tatu nayo ina sita hizo hizo, lakini nyuma ni giza totoro. Taa ya nyuma iliungua zamani na mwenyewe hana habari, maana yeye hukaa akitazama mbele.

Juma hili basi tuzungumze kuhusu taa hizi za ziada, ambazo vijana wa bodaboda huziita spotilaiti. Wala sizungumzi na mwendeshaji peke yake. Nazungumza nawe mama uliyemkopea kijana wako fedha za chama ili anunue pikipiki. Nawe baba ambaye binti yako hurudishwa na bodaboda kutoka masomo ya jioni. Na wewe mwanafunzi wa fizikia unayedhani kwamba mambo ya volti na ampea ni ya mtihani tu. Hapa utayakuta barabarani.

Kwanza tukubaliane kwamba haja ipo. Taa ya mbele ya pikipiki nyingi ndogo hutumia balbu ya wati 35. Gari dogo lenye balbu za kawaida huwa na mbili, za wati 55 kila moja. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Akili yake ikichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba kile cheusi kilicho mbele ni mkokoteni usio na taa, tayari amekwenda mita 25, na breki hata hajaigusa. Katika barabara isiyo na nguzo za taa, mwangaza unaofika mita 20 tu ni mtego.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukua kitambaa chenye maji ya sabuni uoshe kioo cha taa uliyo nayo. Vumbi na matope hula mwangaza kuliko unavyodhani. Kisha tazama kama taa yenyewe imeelekezwa barabarani au inamulika miti. Pia mwambie mtu asimame nyuma huku ukikanyaga breki, akuambie kama taa ya nyuma inawaka. Mimi sioni maana ya kupamba uso wa pikipiki ilhali lori linalokuja nyuma haliwezi kuiona.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye hesabu, na ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka.

Umeme wa pikipiki, injini ikiwa inanguruma, hautoki hasa kwenye betri. Sisi wakazi wa mijini tunaelewa mambo ya mgao wa maji, kwa hiyo nitatumia mfano huo. Betri ni tangi lililo juu ya paa. Mfereji unaolijaza ni zile koili zinazozalisha umeme injini inapozunguka. Ukichota kuliko mfereji unavyoleta, tangi litakauka hata liwe kubwa namna gani. Na tangi la pikipiki si kubwa.

Chukua wati, gawa kwa volti, unapata ampea. Taa mbili za LED zinazotumia wati 10 kila moja ni wati 20. Gawa kwa volti 12: ni kama ampea 1.7. Sasa chukua taa mbili za halojeni zilizotolewa kwenye gari, za wati 55 kila moja. Hizo ni wati 110, yaani ampea 9 na zaidi. Ikiwa betri yako imeandikwa 5 Ah, zile za kwanza zingeweza kuimaliza katika saa tatu hivi injini ikiwa imezimwa. Hizi za pili, nusu saa haifiki mbali, na kwa hakika pikipiki itakataa kuwashwa kwa stata kabla ya hapo.

Huenda ukasema, “Lakini injini haitakuwa imezimwa.” Ni kweli. Ila mfereji wenyewe ni mwembamba. Umeme unaozalishwa lazima kwanza ulishe plagi, taa ya mbele, taa ya nyuma, indiketa na honi, kisha uijaze betri. Kinachobaki huwa kidogo, na hupungua zaidi injini inapozunguka polepole katika msongamano wa magari. Hii ndiyo sababu ya taa za gari kutofaa kwa pikipiki ndogo, hata ukipewa bure.

Wala usisome boksi ukaamini. Taa nyingi za bei rahisi huandikwa wati ambazo hazimo. Utakuta kitaa kinachotosha kiganjani kimeandikwa wati 120! Fundi mwenye mita ya kupimia umeme atakuambia ukweli katika dakika moja: ampea zinazopita, zidisha kwa volti. Mita hiyo hiyo itakuonyesha kama mfereji unatosha. Iweke kwenye betri, washa injini, ongeza mafuta hadi mwendo wa barabarani. Bila taa za ziada utaona volti kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa zote. Ikibaki juu ya 13, safi. Ikishuka chini ya 12.6, jua kwamba unaila betri yako usiku kwa usiku, na asubuhi moja kijana atasukuma pikipiki badala ya kubeba abiria. Betri mpya si mapato ya siku moja, nawe mama wa chama utaambiwa mkopo hautalipwa juma hili.

Sasa tufunge. Waya wa kwanza hutoka kwenye ncha chanya ya betri, na kabla haujasafiri hata urefu wa shubiri moja lazima upitie kwenye fyuzi. Kwa taa za wati 20 au 30, fyuzi ya ampea 5 yatosha. Zile bapa za plastiki hutambulika kwa rangi: ya 5 ni hudhurungi isiyokoza, ya 10 nyekundu, ya 15 buluu. Fyuzi hailindi taa, msomaji wangu. Inalinda waya usigeuke kuwa jiko. Na kumbuka waya huo unapita chini ya tangi la petroli. Yule anayeweka ya ampea 30 kwa sababu ya 5 “inaungua ungua”, au anayeziba pengo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameondoa mlinzi mlangoni kwa sababu alipiga kelele alipomwona mwizi.

Kutoka kwenye fyuzi, nenda kwenye rilei. Hii ni swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, na huuzwa katika maduka ya vipuri, kama yale ya Kirinyaga Road ambako wazee bado huita Grogan. Ina miguu iliyopigwa nambari. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri uliopitia kwenye fyuzi. Wa 87 huupeleka kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ndiyo ya kuamrisha: mmoja huenda kwenye ncha hasi, mwingine kwenye waya unaotoa amri.

Amri hiyo itoke wapi? Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Mafundi wengi huunganisha swichi peke yake, taa zikawashwa magharibi na kuzimwa nyumbani. Mimi nasema amri itoke kwenye waya wa fulu. Mwendeshaji akiwa kwenye fulu, taa za ziada ziwake. Akikutana na gari na kushusha hadi dimu kwa kidole gumba, nazo zizimike papo hapo bila yeye kukumbuka lolote. Unaweza kuongeza swichi ndogo kwenye waya huo wa amri ili mjini, penye taa za barabarani, zisiwake kabisa.

Sababu ni jicho la mwenzako. Mtu akimulikwa ghafla gizani, macho huhitaji muda kuona tena, na wazee huhitaji muda mrefu kuliko vijana. Ikiwa ni sekunde tatu tu, dereva wa kilomita 60 kwa saa amesafiri mita 50 akiwa kama kipofu. Katika mita hizo 50 huenda yumo mama aliyebeba mboga akivuka, au mwenye bodaboda mwingine ambaye taa yake ya nyuma iliungua. Na dereva huyo aliyepofushwa anaweza kulielekea lile lililo jeupe, yaani wewe mwenyewe.

Kuna tatizo moja ambalo fundi asiyejua atakulaumu nalo. Katika pikipiki nyingi za zamani, taa ya mbele hailishwi na betri. Hupata umeme wa kupishana moja kwa moja kutoka kwenye koili. Dalili yake utaijua: injini ikishuka, taa hufifia, ukivuta mafuta, inang'aa. Ukiunganisha rilei ya kawaida kwenye fulu ya namna hiyo itanguruma kama nyuki, na taa za LED ukizifunga hapo moja kwa moja zitametameta. Kwa pikipiki hiyo, chukua amri kwenye waya unaopata umeme wa betri baada ya kufungua ufunguo, uweke swichi karibu na kidole gumba cha kushoto, na mwendeshaji ajizoeze kuzima hizo pamoja na fulu. Si vizuri kama ile ya kwanza, lakini ndiyo inayowezekana.

Kuhusu waya wenyewe, usikubali ule wa nyumba, wenye ujiti mmoja wa shaba ndani. Ukutani hautikisiki, lakini kwenye pikipiki mtetemo huuvunja ndani kwa ndani, nje ukionekana mzima. Tumia waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Maungio yachomelewe kwa risasi au yabanwe kwa vibano vinavyofaa, kisha yafunikwe. Tepu peke yake huachia jua likiwaka, na maji yakiingia shaba hugeuka kijani. Waya hasi urudishe hadi kwenye betri badala ya kuukaza kwenye chuma kilichopakwa rangi. Shingoni mwa usukani acha ulegevu: geuza mikono yote kushoto, kisha yote kulia, utazame kama kuna waya unaovutwa. Na vyote viwe mbali na ekzosi.

Baadhi ya wasomaji huuliza kuhusu taa za manjano kwa ajili ya ukungu wa Limuru na Kinungi. Manjano hupendeza macho ya wengi. Ufaransa iliyalazimisha magari yake kuwa na taa za manjano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Lakini katika ukungu, lililo muhimu zaidi ni mahali taa ilipofungwa na umbo la mwanga wake. Ikae chini, na imwage mwanga mpana ulio bapa. Taa ya juu yenye mwanga wa duara hugonga matone ya ukungu na kukurudishia ukuta mweupe usoni, iwe ya manjano au la. Nyekundu na buluu zinazomemeteka mbele sitazijadili. Hizo ni za watu wenye kazi nyingine, na askari wa trafiki atakueleza vizuri kuliko mimi.

Kazi ya mwisho ni kuelekeza, nayo haigharimu kitu. Weka pikipiki mahali tambarare, mita 8 kutoka ukutani, mwendeshaji akiwa amekaa juu yake, na kama hubeba abiria, abiria naye apande. Uzito huo hukandamiza springi za nyuma na kuinua pua ya pikipiki, kwa hiyo taa iliyoelekezwa vizuri ikiwa tupu itamulika madirisha ya ghorofa ikiwa na mzigo. Pima urefu wa taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo, kisha inamisha taa hadi kitovu cha mwanga kishuke sentimita 15 chini ya alama. Taa iliyo sentimita 80 kutoka ardhini itagusa barabara mbele kama mita 40 hivi. Ukiinamisha zaidi ya hapo utamulika tairi lako mwenyewe. Kaza nati, tena zile zenye kizuizi cha kutolegea, kwa kuwa mtetemo hauna huruma.

Usiku wa kwanza, mtume mtu asimame mita 50 mbele, upande ambao magari hukujia. Weka dimu, halafu weka fulu, halafu rudi dimu. Kwenye dimu akilazimika kukinga macho kwa kiganja, shuka, toa spana, uanze tena pale ukutani.