Chuo Kilihamia Kwangu Zamani

Nimechoka kuulizwa kama sisi wahadhiri tunafanya kazi kweli tukiwa nyumbani. Swali lenyewe limechelewa. Chuo kilihamia nyumbani kwangu zamani, kabla ya barakoa na kabla ya Zoom, na hakikubisha hodi. Tasnifu za wanafunzi nazisoma saa tano usiku. Mihadhara ya Jumatatu naiandaa Jumapili. Ujumbe wa "Mwalimu, samahani kwa usumbufu" naujibu ndani ya matatu. Miaka yote hiyo hakuna aliyetilia shaka ari yangu wala tija yangu. Kazi ya usiku haikuwa na shaka kwa sababu ilikuwa ya bure.

Kisha ikaja Machi 15, 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo, na kuwahimiza waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Tukafundisha. Bando letu, tokeni zetu za umeme, kompyuta zetu. Nilihutubia skrini yenye majina matupu, maana kamera ikiwashwa hula bando la mwanafunzi. Milango ilipofunguliwa tena, shukrani tuliyopewa ni mashine ya alama za vidole.

Sasa nikigusa mashine ile saa mbili asubuhi, kisha nikakaa hadi jioni nikipiga soga katika ofisi ya watu wanne na viti vitatu, mimi ni mfanyakazi hodari. Nikibaki nyumbani nikamaliza tasnifu mbili, mimi ni mtoro.

Wanaotaka ushahidi, upo. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilichunguza jambo hili katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, nchini China, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Wapokea simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi 9 waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Wengi huinukuu namba hiyo na kufunga kitabu. Tuendelee kusoma. Wote walikuwa wamejitolea, na kila mmoja alitakiwa kuwa na chumba cha kufanyia kazi. Baadaye waliporuhusiwa kuchagua upya kati ya nyumbani na ofisini, zaidi ya nusu walibadili msimamo, na faida ikakaribia kuongezeka maradufu, ikafika asilimia 22.

Kwa hiyo siri haikuwa nyumba peke yake. Ilikuwa chumba, na ruhusa ya kuchagua.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotuimbia kwamba nyumbani ni peponi. Mwenzangu mmoja idarani alirekodi mihadhara saa tisa usiku, kwa sababu mchana nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa shule ya chekechea, jiko na ofisi ya mumewe. Mume alipewa meza. Yeye alipewa usiku. Na karani wa mitihani, ambaye faili zake ni za karatasi na zimefungiwa kabatini, ukimwambia afanyie kazi nyumbani umempa likizo asiyoiomba, ili baadaye umwite mvivu.

Mtasema wapo wahadhiri wanaotumia nyumba kama maficho. Wapo. Walikuwepo hata kabla ya 2020, na walijificha ofisini, mlango wazi, koti likining'inia kwenye kiti. Mashine ya vidole haijamkamata hata mmoja wao, kwa sababu inasoma kidole, haisomi kazi.

Wakuu wetu, hesabuni kazi. Je, alama zimetoka kwa wakati? Sura ya mwanafunzi imerudi na maoni, au imeoza miezi mitatu? Darasa limefundishwa? Maswali haya yana majibu, popote nilipokaa. Kisha mtu achague siku zake, na chuo kilipe bando kama kinavyolipa taa za ofisini.

Na mkishikilia kwamba kazi ni ile tu inayofanyika karibu na mashine, sawa, nakubali. Lakini tuikubali yote. Karatasi za mitihani za muhula huu zitabaki mezani ofisini saa kumi na moja jioni, mlango ukifungwa. Simu nitaizima getini. Tuone ni nani atakayekuwa wa kwanza kunitafuta nyumbani.